Masikio ya Raymundi na Mabehewa Matano

Kazi ya Raymundi ilikuwa kugonga magurudumu ya treni, na wasiojua kazi ni nini walidhani anacheza. Treni ya kutoka pwani ikisimama Tabora, abiria wakishuka na mizigo yao na kuku wao, yeye alipita kando ya mabehewa na nyundo yenye mpini mrefu, akagonga gurudumu moja moja na kutega sikio. Gurudumu zima hulia, tena hulia vizuri. Lenye ufa hutoa sauti bubu, na behewa lake hukatwa hapo hapo kabla halijaua watu njiani. Miaka ishirini na saba aliifanya kazi hiyo, na heshima yake ilifika mpaka sokoni.

Taabu ilikuwa moja tu, nayo si ndogo: Raymundi alikuwa hasikii.

Haikuanza siku moja. Walianza kupotea ndege wa alfajiri, zikafuata sauti za wajukuu, yakafuata mahubiri ya padre, ambayo kusema kweli hakuyasikitikia sana. Lakini siku aliyogonga chuma na chuma kisimjibu, jasho lilimtoka. Mtu mwingine angekwenda akasema. Raymundi, thubutu! Alijifunza kugonga kwa mkono wa kulia huku vidole vya kushoto viko juu ya gurudumu, apate kuhisi mtetemo. Watu wakimsemesha aliwatazama midomo. Miaka miwili ilipita hivyo. Aliyejua ni mkewe peke yake, Eustadia, mfinyanzi wa vyungu aliyezaliwa Tura. Naye alinyamaza kwa sababu nyumba waliyokaa ilikuwa ya reli. Kazi ikiisha, na nyumba imekwisha.

Basi, mwaka wa arobaini na saba, vita vimekwisha na abiria wamezidi, wakubwa wakayakumbuka mabehewa matano ya enzi za Mjerumani. Yalikuwa yametupwa kwenye reli ya pembeni, upande wa Kitete, tangu mwaka wa nzige. Majani yalikuwa yamefika madirishani, mbuzi walizalia ndani, na mbao zilikuwa zimekwisha kuliwa na mchwa. Mbao si kitu, Tabora mninga upo wa kutosha. Swali lilikuwa vyuma vya chini. Vikiwa vizima, mabehewa yatajengwa upya na kurudi njiani. Vikiwa vibovu, atauziwa Fakhrudin wa vyuma chakavu, ayavunjevunje.

Bwana Nanji, fundi mkuu wa karakana, alimwita Raymundi akampa chaki. Akamchorea mezani ili mambo yawe wazi: duara kwenye behewa la kutunzwa, na mkasi, yaani mistari miwili iliyopishana, kwenye la kuvunjwa. Raymundi akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Alitoka pale akiwa na furaha na hofu kwa pamoja, na hakujua ipi imemzidi mwenzake.

Furaha ilikuwa na sababu. Baba yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe kwa miguu mpaka Bagamoyo na kurudi, mara saba, na sugu la begani alikufa nalo. Reli ilipofika Tabora mwaka wa kumi na mbili, mzee alitukana wiki nzima kwamba wamemnyang'anya kazi. Wiki ya pili akapanda behewa, akaenda mpaka Igalula na kurudi bila kubeba kitu, akashuka anacheka mpaka machozi. Raymundi alikuwa naye. Behewa lenyewe ndilo hili la tatu katika mstari, na ndilo lililomleta Eustadia kutoka Tura siku ya harusi, amefunikwa kanga, na shangazi zake wanne wakiimba njia nzima. Watu waliomwuliza Raymundi kwa nini anayaonea uchungu mabehewa yaliyooza, aliwaambia habari ya baba yake. Sababu nyingine hakuwaambia. Aliona kwamba kama kitu kilichofanya kazi hiyo yote kinaweza kutupwa majanini, basi na yeye zamu yake iko njiani.

Asubuhi ya kwanza alimkuta Fakhrudin anazunguka mabehewa, anayapigapiga teke la kirafiki. Raymundi alimpenda Fakhrudin, maana huyo hakujua kusema taratibu. Alizoea kupayuka, na maneno yake yalifika.

"Mzee Raymundi! Chuma kikikaa kinamfaa nani? Nipe mimi! Kesho ni majembe, watu wanalima!"

"Kikitengenezwa kinabeba watu, Bwana Fakhrudin."

"Kama ni kizima!"

"Ndiyo, kama ni kizima," akasema Raymundi.

Hapo hawakuwa na ugomvi. Fakhrudin akaenda zake dukani, na Raymundi akabaki na nyundo yake.

Akagonga. Kimya. Akaweka vidole, akagonga tena. Chuma hakikumwambia kitu. Magurudumu yalikuwa yamezama udongoni, na breki zilikuwa zimeng'ang'ania kwa kutu, na breki iking'ang'ania, hata gurudumu zima hunyamaza. Alichimbua udongo kwa jembe, akabandua breki kwa mtaimbo mpaka mgongo ukamlilia, akagonga tena. Safari hii alihisi kitu kidogo vidoleni, lakini hakujua ni chuma au ni mishipa yake mwenyewe. Kwenye treni za kila siku alikuwa na mazoea ya kumsaidia. Hapa hakuwa na mazoea yoyote.

Alirudi nyumbani akamwambia Eustadia yote. Sasa, ujue jambo moja: wanawake wa Tabora hawanunui chungu kwa macho. Mnunuzi anakiinua, anakigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Kizima kinalia. Chenye ufa, hata ufa uwe mwembamba wa kutoonekana, kinasema "ko" na kunyamaza, na mnunuzi anakirudisha chini bila kusema neno. Eustadia alikuwa amegonga vyungu tangu yuko kiunoni kwa mama yake. Hakuna aliyewahi kumrudishia hata kimoja.

"Mimi na magurudumu wapi na wapi, Baba Josepha?" akacheka. Kisha akaona uso wa mumewe, akaacha kucheka. "Haya. Nitakuletea chakula cha mchana. Mtu hawezi kushangaa mke akimpelekea mumewe chakula."

Wakapatana. Gurudumu likilia vizuri, ataacha kanga begani. Likiwa bovu, atajitanda kichwani.

Siku tatu walifanya kazi. Yeye alichimbua, akabandua, akagonga. Mkewe alikaa juu ya jiwe na bakuli mapajani, kichwa amekiinamisha upande. Behewa la kwanza, magurudumu manane, kanga begani. La pili vivyo hivyo. La nne na la tano pia. Raymundi alichora maduara makubwa, mkono ukijaa furaha. La tatu aliliacha la mwisho, kama mtu anayesogeza nyama pembeni ya sahani.

Gurudumu la sita la behewa la tatu, kanga ikapanda kichwani.

"Umekosea," akasema Raymundi.

Eustadia akatikisa kichwa. Raymundi akasafisha kutu, akaitazama breki, haikugusa popote. Akagonga. Kanga haikushuka. Akagonga mara ya tatu kwa nguvu zote, vidole vya kushoto vikiwa juu ya chuma.

"Linatetemeka! Njoo uguse! Hili ni zima!"

Eustadia alikuja mpaka mbele yake, akasema polepole ili midomo isomeke, "Huo ni mkono wako unaotetemeka, Baba Josepha."

Lo! Moto ukamwakia. Alimwambia mkewe kwamba yeye ni wa vyungu, kwamba alikuwa anagonga vyuma wakati Josepha yuko mgongoni, kwamba hana haya, behewa hilo hilo lililomleta kwa mumewe analitakia kifo. Kisha akachukua chaki akachora duara, tena kubwa kuliko yote. Eustadia aligeuka. Alikusanya bakuli zake akaondoka, na duara likabaki pale linamtazama.

Jioni ugali uliletwa, ukapoa. Eustadia alikaa akamkabili.

"Nina neno moja tu, kisha nanyamaza. Behewa hilo litapita Tura. Watakaopanda ni ndugu zangu."

Usiku huo Raymundi hakupata usingizi. Kulipokucha alikwenda reli ya pembeni, akalifuta duara kwa kiganja, akachora mkasi. Ilimuuma, na hakujizuia kulia, maana hapakuwa na mtu. Lakini alipogeuka kuondoka aliona kwamba kazi haijaisha. Kama jana nusura apitishe gurudumu la ufa kwa sababu analipenda, je, hayo ya miaka miwili, aliyoyapitisha kwa vidole?

Alimkuta Bwana Nanji mlangoni mwa ofisi ya karakana. Akavua kofia.

"Manne yana duara. La tatu nimelitia mkasi. Na si mimi niliyesikia, ni mke wangu. Mimi sisikii, Bwana Nanji. Miaka miwili sasa. Treni zote hizo nimezipitisha bila kusikia. Fanya unavyoona."

Bwana Nanji alimwashiria angoje. Akaingia ndani, akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi akamwonyesha. Ilikuwa ya jana jioni, kwa mkono wa Tobias, fundi kijana wa karakana. Maduara manne. Behewa la tatu, gurudumu la sita, mkasi.

"Tobias anakufuata nyuma," akasema, akimkabili na kutamka kila neno. "Kila treni. Ukishapita wewe, anapita yeye, pale kwenye tangi la maji. Hakuna gurudumu lililotoka Tabora bila kusikilizwa."

Kwanza Raymundi alipiga ishara ya msalaba. Hakuna aliyekufa. Hakuna ambaye angekufa. Kisha ikaja aibu, ikampanda mpaka utosini. Miaka miwili alidhani anailinda treni, kumbe analindwa yeye! Vijana wa watu walikuwa wanasubiri mgongo wake upite ndipo waanze kazi.

"Na chaki? Chaki ulinipa ya nini?"

"Yalikuwa mabehewa ya wakati wako. Nilitaka uyaage."

"Mbona hamkuniambia?" Akasogea karibu. "Mimi si mtoto, Bwana Nanji. Mbona hamkuniambia?"

"Nilikuambia, mzee. Mara mbili, hapa hapa mlangoni. Mara zote mbili ulinijibu, 'Ndiyo, bwana,' ukaenda zako."

Raymundi alisimama, kofia mkono mmoja, nyundo mkono wa pili. Ndani ya karakana watu walikuwa wanapiga randa, wanapigilia misumari. Aliwaona mikono ikipanda na kushuka.

"Basi niambie tena," akasema. "Sema kwa sauti."

Bwana Nanji alisita, akaangalia wafanyakazi, akamrudia. Kisha akavuta pumzi, akapaza sauti mpaka randa zikasimama na kila mtu akageuka.

"Mzee Raymundi! Masikio yako yamekwisha! Weka nyundo chini, ukapumzike!"

"Hilo nimelisikia," akasema Raymundi, akaiweka nyundo mezani.