Mstari Kati ya Chapa na Futa

"Kompyuta yangu inajua Kiswahili kuliko diwani wenu!"

Talha alitamka maneno hayo mwaka 1998, amesimama juu ya kreti ya soda mbele ya studio yake ya picha, Tandika, siku aliyoizindua mashine kwa pilau na kipaza sauti cha kukodi. Diwani alikuwepo. Alikuwa na pande la nyama mdomoni, hivyo hakujibu.

Na Talha hakusema uongo. Kompyuta aliinunua kwa jamaa mmoja wa mizigo ya Dubai, zama zile ambapo kila kitu kiliingia nchini isipokuwa maelekezo ya kukitumia. Programu zake zote zilikuwa za Kiingereza, na Zubeda, mkewe, ambaye ndiye aliyeiendesha studio wakati Talha akipiga domo barazani, Kiingereza alikiacha darasa la saba pamoja na chaki. Talha akanifuata mie. Nilikuwa nimesoma nusu ya diploma ya kompyuta. Ada iliisha kabla ya elimu. Nikamfundisha hicho nilichokuwa nacho: kuandika kurasa kwa alama, zile zinazowekwa ndani ya vimabano vya pembe, kisha unazifungua kwa programu ya intaneti na maneno yanakuwa ya kubonyeza. Intaneti yenyewe hatukuwa nayo, lakini programu yake tulikuwa nayo, na kwa Tandika hayo yalikuwa maendeleo.

Ndani ya wiki moja Talha alikuwa na orodha yake. Ukiichagua picha ya mteja, pembeni yanatokea maneno, moja chini ya jingine: Fungua, Ng'arisha, Chapa, Futa, Funga. Nyuma yake kulikuwa na kijiprogramu nilichookota chuoni. Ukibonyeza neno, kinatii papo hapo. Hakiulizi kama una hakika. Kilikuwa na adabu ya askari wa gwaride.

Siku ya kwanza Zubeda alikaa kwenye kiti, akaitazama orodha kwa muda mrefu.

"Baba Abrar, mbona Chapa na Futa wamelala kitanda kimoja? Weka mstari hapo katikati."

"Wa nini?"

"Doti ya kanga inatoka kiwandani vipande viwili vimeshikana, lakini wanaacha mahali pa kupitisha mkasi. Hapa kwako mkasi unapita wapi?"

Talha alicheka mpaka akashika meza. "Mwenye macho hahitaji uzio! Mistari ni ya watoto wa shule ya vidudu." Akanigeukia. "We Nusu Diploma, mwambie shemeji yako."

Mie nilijua. Mstari ulikuwa herufi mbili tu, h na r, ndani ya vimabano. Kuziandika ni kazi fupi kuliko kupiga chafya. Tena chuoni tulifundishwa kabisa kwamba kinachojenga kitengwe na kinachobomoa. Lakini nilikuwa nimekalia kiti cha Talha nikinywa soda ya Talha, na wateja walikuwa wanasikiliza. Nikasema, "Shemeji, kanga tumekuachia, na wewe kompyuta tuachie sie."

Watu wakacheka. Kichekesho hicho, kama ningeweza kukirudisha leo, ningekirudisha pamoja na chupa ya soda.

Kesho yake Zubeda alikuja na uzi mwekundu wa cherehani, akaukata urefu wa kidole, akaubandika kwa selotepu juu ya kioo cha kompyuta, sawasawa kati ya Chapa na Futa. Miezi miwili akafanya kazi hivyo. Mkono wake ulizoea: unashuka, unauona wekundu, unasimama.

Halafu ikatokea habari kwamba mwenye hoteli mmoja wa Mbezi Beach anakuja kuiona mashine. Asubuhi hiyo Talha alipiga deki, akajipulizia marashi, akaubandua ule uzi kwa ukucha. "Hii ni studio, si duka la mshonaji," aliniambia. Mwenye hoteli alikaa dakika saba, akasifu marashi, akaenda zake. Uzi haukurudi.

Sasa, Bi Hija, aliyekuja wiki hiyohiyo. Huyu alikuwa muuza vitumbua wa mtaa wa pili, mtu ambaye hata mie ulimi wangu ulikuwa unamwamkia kwa heshima. Binti yake, Farida, alifariki akijifungua, akaacha mtoto wa kike ambaye sasa alikuwa na miaka sita. Picha ya Farida ilikuwa moja tu, ndani ya fremu, na paa lilivuja hadi picha ikagandana na kioo.

"Mjukuu wangu ananiuliza kila siku," alimwambia Talha. "Bibi, mama alikuwa na pua kama yangu? Mie nimechoka kumwambia ndiyo. Nataka aione."

Talha aliiweka kwenye skana pamoja na kioo chake, ikaingia vizuri. Kisha akailoweka ili aibandue, kama alivyobandua nyingi, na safari hii sura ikayeyuka kama sukari. Bi Hija alishika kifua.

"Usihofu, mama yangu," Talha akasema, akiipigapiga kompyuta mgongoni. "Mwanao yumo humu. Yuko salama kuliko benki."

Alimfanyia kazi siku tatu, bila malipo ya ziada. Alimfuta ukungu mashavuni, akayarudisha macho. Niliiona. Pua ilikuwa ileile ya mtoto.

Siku ya kuichukua ilikuwa ya mgao wa umeme. Ungekatika saa nane mchana, na saa nane kasoro dakika tano Bi Hija akaingia na kanga mpya, amejipamba kama anakwenda kumpokea mtu stesheni. Talha akapaza sauti kutoka mlangoni, "Mama Abrar, chapa upesi!"

Zubeda akashusha mausi. Mausi yenyewe ilikuwa na vumbi tumboni, inaruka. Niliuona mkono wake ukitafuta wekundu. Haukuupata. Akabonyeza.

Printa haikulia. Orodha ikajirudia, na jina la Farida halikuwemo.

"Mbona mashine kimya?" Bi Hija akauliza.

Talha alikuja, akatazama kioo, akatazama watu waliokuwa wanasubiri. "Huyu mwanamke kafuta," akasema. "Nilishasema hajui."

Zubeda alinyanyuka kwenye kiti taratibu.

"Uzi wangu uko wapi, Baba Abrar?"

Talha akainama kuchungulia printa. Mie pia nilikuwepo, na ulimi wangu mkali wote ulikuwa umelala. Umeme ukakatika.

Tulijaribu siku nne kuirudisha. Kurudisha kilichofutwa kulikuwa somo la mwaka wa mwisho, nusu ile ya diploma ambayo sikuifikia. Bi Hija hakumtukana mtu. Aliomba kile kioo cha fremu, maana kwenye kona kilikuwa kimebakiza kipande cha bega na hereni moja. Akakifunga kwenye ukaya wake wa kichwani, akaondoka nacho.

Talha aliandika mistari siku iliyofuata. Aliweka kati ya kila neno na jenzake, hata kati ya Fungua na Ng'arisha wasiogombana. Lakini kiti kilikuwa kitupu. Zubeda alihamishia cherehani yake kwenye kibaraza cha sokoni, akawa anapinda kanga za watu. Nyumbani walikuwa wanazungumza: chumvi, ada ya Abrar, mvua. Studio haikutajwa. Baada ya mwezi Talha alipaka rangi nyeupe juu ya maandishi ya ukutani, TUNAFUFUA PICHA ZA ZAMANI, akabaki na picha za pasipoti. Barazani alikuwa anakaa pembeni. Nikimtania, ananiambia, "Sawa, dogo," na utani unaniozea mdomoni.

Siku moja kabla ya Idi nilimkuta sokoni amebeba doti mpya ya kanga, haijakatwa. Alisimama mbele ya cherehani ya mkewe, kwenye foleni, nyuma ya wanawake watatu. Zamu yake ilipofika akaiweka mezani.

"Mama Abrar. Ni yako. Mie... ule uzi, mie ndiye niliyeubandua."

"Najua," Zubeda akasema.

"Nilitakiwa niseme mbele ya Bi Hija."

"Ulitakiwa."

Akaitandaza doti, akapapasa hadi akapata ule mwanya katikati, akapitisha mkasi. Akapinda upande wa kwanza, akapinda wa pili, akakata uzi kwa meno, akakunja, akamsukumia kama mteja yeyote.

"Kiasi gani?" Talha akauliza.

"Mia mbili."