Maji Kabla ya Maswali

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ya Nuu, nilimuuliza mgonjwa jina kabla hajaketi. Mkuu wa zahanati akaniita kando. “Sista, huyu mama ametembea tangu alfajiri. Hapa ni maji kwanza, maswali baadaye.” Mtungi ulikaa mlangoni na kikombe chake cha bati. Mwaka wa ukame, wengine walipata nafuu hapo hapo kabla hatujagusa dawa.

Baadaye nilihamishiwa Kathonzweni, kitengo cha chanjo. Nyinyi mnaoanza uuguzi leo mna friji za sola. Sisi tulibeba chanjo kwenye kisanduku cha barafu, na barafu ikiyeyuka njiani, umetembea bure. Matroni wetu, mkali kama pilipili, alitia mkono kisandukuni kabla ya kuitikia salamu. Nilimchukia, kisha nikawa kama yeye. Lakini mtungi sikuuacha, hata Mwingi nilikostaafia.

Kanisa lilinivika leso, likanipa mbuzi, mchungaji akaniambia sasa nipumzike. Nipumzike na nini? Bima ya kazini ilikoma nilipokoma mimi, na figo za mume wangu, Nzioka, zilikuwa zimeshindwa. Kila wiki lazima damu yake isafishwe kwa mashine. Bima tuliyojilipia wenyewe ilifika kikomo mapema, na mbuzi wote wakaenda sokoni. Kwa hivyo mkiona mstaafu amerudi kazini, msiseme ameshindwa kukaa nyumbani. Mimi nilitafuta kadi ya bima. Kazi ilikuja nayo.

Niliipata katika kliniki ya kibinafsi papa hapa Mwingi. Nimewekwa mlangoni. Meneja, kijana wa tabasamu nyingi, alinielekeza: “Mama Mutua, huku ni kadi kwanza. Ukipitisha mtu bila kadi, hata hiyo kadi inatibu mzee wako itabidi tuiongelee.”

Juzi aliingia mama mkongwe, miguu imejaa vumbi. Akanitazama, akacheka kwa furaha.

“Sista wa Nuu! Si ni wewe ulikuwa unatupa maji?”

Nilijua anachongoja. Nikamfikiria Nzioka kwenye mashine.

“Mama, uko na kadi?”

Hakuwa nayo. Nilimwelekeza hospitali ya serikali, kisha nikakimbia ndani kumletea maji. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akakitazama, akanirudishia kikiwa kimejaa.

“Hapana, sista. Hayo wekea wenye kadi.”