Chaki Mikononi mwa Mtani

Baba Mkubwa Revocatus hatembei bila chaki. Hata Jumapili akienda misani, mfuko wa shati lake una vipande viwili vitatu, na mashati yake yote yana doa jeupe pale pale, upande wa moyo. Mimi ndiye ninayeyafua. Doa halitoki.

Nilikuja kwake Cheyo kutoka Ziba kumtunza Bibi Katarina, mama yake, alipoanza kushindwa kuinuka mwenyewe. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba napoteza chochote kwa kukaa na mgonjwa. Nyumba yetu iko ndani ya uwanja wa shule ya msingi anayofundisha Baba Mkubwa. Jiko la nje linatazamana na madirisha ya madarasa, katikati pana ua wa minyaa tu. Nikichambua mchele, namsikia.

Anafundisha historia na hafungui kitabu. Anafumba macho, anatembea kutoka mlangoni mpaka dirishani, anasema, "Andika. Sababu za kukua kwa misafara. Moja." Watoto wanaandika, kimya mpaka unasikia kuku wakiparua nje. Akisema "nukta," wanafunga madaftari. Wako watu wazima hapa Tabora, wengine wana maduka yao, wakikutana naye sokoni wanapaza sauti, "Shikamoo mwalimu! Ile sababu ya tatu bado ninayo kichwani!" Siku hiyo atarudi nyumbani anaimba.

Darasa la Saba ni lake. Historia ya Darasa la Saba hajawahi kupewa mtu mwingine tangu afike shuleni hapa, na mwakani angemfundisha Mathias, kitindamimba wake. Mwaka huo aliusubiri kama watu wanavyosubiri harusi.

Ndipo akaja Mwalimu Tunu.

Alitoka Kisarawe, Mzaramo, na sisi ni Wanyamwezi. Kwa hiyo hata kabla ya kujuana walikuwa watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya watu, kukunyang'anya sahani, hata kuzuia jeneza la mzazi wako lisitoke mpaka umkomboe kwa chochote, na wewe huruhusiwi kununa.

Siku ya kwanza walimu wakinywa chai barazani, alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Baba Mkubwa akachukua kiazi kwenye sahani yake.

"Wewe mpagazi, tua mzigo unisalimie!"

"Nani kawafungulia Wazaramo?" Baba Mkubwa akasema. "Ngoma zimekwisha huko kwenu?"

"Hazijaisha. Nimekuja kutafuta wa kunibebea ngoma zangu."

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Na Baba Mkubwa alicheka kweli. Nilikuwa nimempelekea karanga, nikamwona.

Mkuu wa shule akampa Mwalimu Tunu historia ya la tano na la sita, ili mzee apumue kidogo. Kicheko kikaanza kubadilika hapo.

Mwalimu Tunu hakuwaambia watoto waandike. Aliweka kitu mezani, jembe la zamani lililolika au ushanga aliouokota kwa watu, akauliza, "Hiki kimefikaje Tabora?" Mtoto akijibu kwamba kililetwa na misafara, anamuuliza, "Umejuaje?" Mwingine akisema alisikia kwa babu yake, anauliza, "Na babu alijuaje?" Darasa linalipuka. Wanabishana, wanasimama juu ya madawati, kengele ikigongwa wanalalamika.

Mathias alikuja na ugonjwa huo nyumbani. Mama yake akiuliza nani kamaliza nyama chunguni, nikisema ni Mathias, yeye ananikazia macho. "Dada Kabula, umejuaje? Uliniona? Au ulisikia kwa mtu?"

"Nimekuona na mafuta mdomoni."

"Huo ni ushahidi," anakubali.

Tulicheka sote isipokuwa Baba Mkubwa. Alisukuma sahani yake pembeni, akauliza polepole, "Leo asubuhi kule la sita mlikuwa mnacheka nini?"

Aliuliza tena kesho yake. Siku nyingine aliniuliza mimi, kwa kuwa najua kukaa kimya: "Kabula, toka hapo jikoni unasikia. Huwa wanacheka nini?" Nikamwambia sielewi vizuri. Akawa anapita nje ya dirisha la la sita akijifanya anaokota karatasi. Watoto waliozoea kuja barazani kwetu jioni kunakili notisi wakapungua, kisha hawakuja. Alikaa na kiti chake na taa yake, anatazama njia.

Lakini barazani mwa shule aliendelea kutania, tena kuliko mwanzo. "Mzaramo huyu hafundishi, anacheza ngoma darasani!" Walimu wanakufa kwa kicheko. "Mitihani ikija atawafundisha kukata kiuno!" Mwalimu Tunu naye anacheka, anamjibu. Hakuna aliyetazama mkono wa Baba Mkubwa. Ulikuwa mfukoni, unasaga chaki. Jumamosi nilifua shati lile, unga mweupe ukajaa beseni zima.

Kisha mkuu wa shule akasema mbele ya walimu wote kwamba wazazi wanauliza kama Mwalimu Tunu anaweza kuendelea na watoto wake mwakani, Darasa la Saba. Ataamua shule ikifungwa. Baba Mkubwa alirudi nyumbani hakula.

"Watoto wake," alimwambia mama Mathias. "Amesema watoto wake. Mathias ni mtoto wa nani?"

Juma lile Mwalimu Tunu aliwapa la sita kazi ya kufanya: nendeni kwa wazee mkaulize, utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulianzia wapi? Mathias akaja na wenzake watatu mpaka chumbani kwa Bibi.

"Mwangaluka, bibi," wakasalimia. "Shikamoo."

"Marahaba. Mmeleta ugoro?"

"Tumeleta swali."

Bibi ambaye kwangu mimi alikuwa na maneno mawili tu, "maji" na "nigeuze," aliomba aegemezwe ukutani. Akaanza kusema. Babu yake, mzee Ngollo, alibeba pembe kwenda pwani akiwa kijana. Huko Uzaramo mguu ukafanya donda, msafara ukamwacha. Akalala nje ya nyumba ya mama mmoja mwenye ulimi mkali, na mama yule kila asubuhi alimletea mhogo na kumtukana. "Anamwambia, kula wewe punda wa Unyamwezi, kula unenepe nikuuze!" Bibi akacheka bila meno, watoto wakacheka, Mathias akauliza, "Ulijuaje, bibi?" naye akasema, "Alinipakata akanisimulia, donda lenyewe nililishika kovu lake."

Nilikuwa mlangoni na bakuli la uji. Nilimwogesha bibi yule, nilimlisha, nilijua kila mfupa wa mgongo wake, na habari ya lile kovu nikaisikia siku ile, tena akiwaambia watoto wa watu. Bakuli likaniunguza vidole, nikaacha liniunguze.

Baba Mkubwa akaingia nyuma yangu.

"Nani kawaruhusu?"

Watoto wakasimama. "Shikamoo mwalimu."

"Historia inafundishwa darasani, siyo kitandani kwa mama yangu. Mgonjwa huyu. Tokeni."

"Revo, waache," Bibi akasema. "Sijachoka."

"Utachoka, mama."

"Baba, alikuwa anafika penyewe," Mathias akasema.

"Nimesema nje!"

Walitoka. Bibi akaniambia nimlaze, akageukia ukuta. Juma zima wageni wa jumuiya walikuwa wameingia chumba kile, wanaimba na kusali, na Baba Mkubwa hakusema mama atachoka.

Bibi hakuegemea ukuta tena. Homa ilimpanda, tukampeleka hospitali, akarudi kwenye jeneza.

Siku ya mazishi, wanaume walipoinua jeneza kulitoa uani, Mwalimu Tunu alijitupa chini njiani, amejifunga kanga kiunoni, kichwani kavaa sufuria letu.

"Hapiti mtu! Mama huyu amekula mhogo wetu wa miaka yote, leo anataka kuondoka bila kuaga? Hebu mwone alivyo mzito! Mpagazi gani asiyejua kujibeba mwenyewe?"

Waliokuwa wanalia wakaanza kucheka na machozi usoni. Hata mimi. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Mwalimu Tunu akainuka, akamzunguka Baba Mkubwa, akachomoa chaki mfukoni mwake.

"Nimeshika mateka! Mkomboe, la sivyo hatuziki!"

"Mkomboe, mwalimu!" watu wakaitikia.

"Rudisha chaki yangu," Baba Mkubwa akasema.

"Komboa kwanza."

"Nimesema rudisha! Mwizi wewe! Umeniibia watoto, unataka kuniibia darasa, sasa umekuja kuniibia mbele ya mama yangu?"

Shangazi aliziba mdomo kwa kanga. Mtu hamkasirikii mtani, na siku ya msiba ndiyo kabisa. Nilimwona mzee mmoja akitazama pembeni kwa aibu. Uso wa Mwalimu Tunu ulisawijika. Alikuwa anarudi nyuma kichwani mwake, nadhani, anapitia kila neno la barazani, kila ngoma na kila kiuno, anaona sasa lipi lilikuwa utani na lipi halikuwa.

Kisha akalisogeza sufuria vizuri kichwani.

"Mmemsikia?" akapaza sauti. "Mpagazi kanuna! Faini imepanda! Na pesa yake siitaki, ajibu swali. Mimi Mzaramo nimetoka kwetu huko, nazuia jeneza la Mnyamwezi, na ninyi wote mmesimama mnanitazama. Kwa nini?"

Alimsaidia. Wengi walishusha pumzi wakidhani hata ule ukali ulikuwa sehemu ya mchezo.

Baba Mkubwa akafumba macho, akanyoosha mgongo. "Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo," akaanza, kwa sauti ile ile ya darasani, "ulitokana na biashara ya masafa marefu. Moja, wapagazi walipita..."

"Umejuaje, mwalimu?"

Kalikuwa katoto ka kike ka darasa la sita, kamesimama mbele na sare. Kalisema kwa mazoea tu, kisha kakajishika mdomo. Watu wakacheka, wakaacha, kwa sababu Baba Mkubwa alikuwa amefungua macho na hacheki. Alitazama jeneza.

"Sijui," akasema.

Akaligusa jeneza.

"Aliyekuwa anajua ni huyu."

Mwalimu Tunu alivua sufuria. Akamsogelea, akamrudishia chaki mfukoni kwa mkono wake mwenyewe, akakaa pembeni ya njia. "Mpitisheni mama," akasema. Hakutania tena siku ile.

Tulipomaliza matanga na ndugu wakarudi Ziba na Urambo, jioni moja Baba Mkubwa alimwita Mathias barazani. Mimi nilikuwa nasugua masufuria.

"Niambie alichowaambia bibi yako."

Mathias akamwambia. Pembe, donda, mhogo, punda wa Unyamwezi. Aliigiza mpaka kicheko cha Bibi, kile cha bila meno. Baba Mkubwa alikuwa amejiinamia mbele, anamwangalia mtoto wake mdomoni, na niliyajua yale macho. Ndiyo aliyokuwa nayo akipita dirishani kwa Mwalimu Tunu. Alimwonea wivu mwanawe wa kumzaa. Nami nilikuwa na wangu hapo hapo kwenye masufuria, kwa hiyo sikumshangaa.

"Endelea."

"Mguu ukaanza kupona. Yule mama akamwambia, wewe punda, hutaondoka hapa hivi hivi. Lazima uniachie..."

"Amwachie nini?"

"Sijui, baba. Hapo ndipo ulipoingia."

Baba Mkubwa alikaa mpaka mbu wakazidi. Chaki aliitoa mfukoni akaiweka kwenye mkono wa kiti, akaingia ndani bila kuichukua.

Kabla mkuu wa shule hajaamua, Baba Mkubwa alimfuata mwenyewe akamwambia ampe mtani Darasa la Saba. Yeye atachukua la tatu, wanaoanza historia. Mama Mathias alifurahi, akasema msiba umemlainisha mume wake. Mimi nilimsikia usiku uleule akijisemea wakati anavua viatu: "Wale wa la tatu bado hawajamsikia Mzaramo."

Januari shule ilipofunguliwa nilikaa jikoni na ungo wangu, nikatega sikio.

"Andika," Baba Mkubwa akaanza. Kisha akakohoa. "Hapana. Wekeni kalamu chini."

Akawaonyesha mkongojo wa Bibi, akawauliza umetoka wapi. Watoto wakanyamaza. Hajui kusubiri, alikohoa tena, akataka kujibu mwenyewe, akajizuia. Mmoja akasema umetoka porini, mwingine akasema umetoka kwa mwalimu. Kipindi kilikuwa kibaya, nasema kweli, lakini hakuna aliyesinzia.

Mwishoni akawaambia, "Leo nendeni nyumbani, kila mtu amuulize mzee wake kitu chake cha zamani kimetoka wapi. Na akitokea mtu akawafukuza, rudini kesho yake."

"Hata akiwa mwalimu?"

"Hata akiwa mwalimu."

Kisha akaenda kufunga dirisha, kwa sababu chumba cha pili Darasa la Saba walikuwa wanacheka.