Uunsi wa Ovaroli

Kaaha alipoachwa na Dekow, alitoka na mbuzi wanne na kikohozi. Mbuzi waliisha.

Dekow alikuwa fundi injini wa jeshi la majini, Mombasa. Kazi yake ilikuwa kubandua vitambaa vyeupe vilivyofungiwa mabomba ya moto melini. Alirudi nyumbani mweupe kama mwokaji mkate. Kaaha, aliyeolewa juzi, hakutaka mume wake anuke dizeli. Kila jioni alizikung'uta ovaroli, akazitandaza juu ya dabqaad, chetezo cha udongo, akazifukiza ubani wa uunsi mpaka zinukie kama nguo za harusi. Lile vumbi aliliona likicheza ndani ya moshi. Likampendeza.

Miaka thelathini ikapita. Sasa vumbi lina jina, asbesto, sumu ya mapafu, na wanamaji wastaafu wa Garissa wameitwa kupimwa vifua bure, pamoja na waliofua nguo zao. Kwenye fomu yake, Dekow alimwandikisha Idil, mke mpya. Miaka hiyo Idil alikuwa bado hajazaliwa.

Kaaha hajui kusoma. Siku ya kupimwa alimwendea karani hospitalini, Dekow akiwa amesimama mbele yake, akamwambia, "Niandike. Nguo za huyu nilifua mimi."

"Mzee, ni kweli?" karani akamuuliza Dekow.

"Nguo zilifuliwa kambini," Dekow alisema, akitazama ukuta. Hakutaka maneno nyumbani kwa Idil.

"Na uunsi?" Kaaha akauliza. "Serikali ilikufukiza uunsi?"

Mzee mmoja kwenye foleni akaangua kicheko. Alikuwa Mustaf, aliyefanya kazi na Dekow chumba cha injini.

"Wallahi, ni yeye huyu! Dekow, tulikuwa tunakuita Bi Harusi! Meli nzima inanuka mafuta, wewe unanukia. Ulituambia mke wako Kaaha ndiye anayefukiza. Leo umesahau?"

Foleni nzima ikacheka. Dekow hakucheka.

"Alifukiza," akasema hatimaye.

Karani akaandika. Alipofika penye kazi, akauliza, "Mama, ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Si umeshasikia?"

Akaandika: hana kazi.

Kaaha aliingizwa chumba cha eksirei, akaambiwa abandike kifua kwenye bamba. Bamba lilikuwa baridi.

"Vuta pumzi, mama. Haya, ishike, usikohoe."

Kuivuta aliivuta; kuishika, kikohozi kilikataa. Walirudia mara tano.