Kengele ya Mama Nthenya

Ukitaka kugombana na Kamene, mwaga maji. Mama huyu wa Dagoretti, mwenye ploti ya vyumba sita vya kupangisha, alikuwa bahili wa maji kupindukia. Ya kuoshea mboga alidekia nyumba, ya kudekia akamwaga chooni. Tena tangu bei ibadilishwe, ikawa kadiri unavyotumia mengi ndivyo kila ndoo inavyozidi kuwa ghali, ukali ukamzidi. Ploti nzima ilikuwa na mita moja, na bili ilikuja kwake.

Alikuwa na kengele yake pia. Siku zisizo za mgao, maji yakiwa yamekatwa, aliuacha mfereji wa bafu la nyuma wazi, na chini yake sufuria kuukuu ameifunika kifudifudi. Maji yakirudi, sufuria inalia ko-ko-ko, naye huyo mbio na mitungi! Bafu lenyewe alilitia kufuli, wapangaji wasije wakajinafasi.

Basi binti yake Nthenya akajifungua huko Kilimani, na Kamene akaenda kumsaidia mwezi mzima. Ufunguo wa bafu akaenda nao, ameuning'iniza shingoni.

Aliporudi, hata mkoba hajautua, bili ikaingia kwenye simu. Woi! Aliisoma, akaisoma tena, akaketi pale pale kwenye saruji. Hata mwaka ule wa matanga ya mumewe, ploti ikifurika watu, haikufika hapo.

"Nzula!" akapaza sauti.

Nzula alikuwa mpangaji wake wa miaka mingi, mama anayelea wanawe kwa kufulia watu nguo. Ndiye aliyelala naye chumba kimoja siku zile za matanga, Kamene asilie peke yake. Lakini hasira ina macho?

"Umefulia Nairobi nzima kwa mita yangu! Mwizi mkubwa wewe!"

"Haki ya Mungu, Mama Nthenya, mimi hufua huko huko kwa wenye nguo. Ni lile bafu..."

"Usinitajie bafu! Hata kwa simu ulinisumbua na bafu, eti mvunje kufuli! Kesho uhame."

Watoto wa Nzula walikuwa mlangoni, wanasikia yote. Nzula akawaingiza ndani.

Asubuhi mkokoteni ukaja. Godoro likapanda, meza ikapanda. Kamene kasimama mikono kiunoni, anahakikisha. Ndipo akasikia: ko-ko-ko-ko.

Moyo ukamlipuka. Alikimbilia nyuma, akafungua kufuli. Jamani! Maji yalikuwa yakishuka kwa nguvu zote, yanaipiga sufuria na kutokomea mtaroni, hata kizingiti hayakilowanishi. Mwezi mzima! Kila siku ya mgao kengele inalia, na mwenye kengele yuko Kilimani anabembeleza mjukuu. Tena mfereji aliuacha wazi mwenyewe, akafunga mlango mwenyewe. Aliduwaa, hata kuufunga mfereji asikumbuke.

Nzula alimpita, akaufunga mfereji, akajipangusa mikono kwa leso.

"Nilikupigia, Mama. Ukanikatia simu."

"Nzula, mwanangu... shusheni vitu. Tafadhali."

"Uliniita mwizi mbele ya wanangu," Nzula akasema, kwa sauti ya chini kabisa. Kisha akamwambia mwenye mkokoteni, "Twende."

Kamene aliwafuata hadi getini, miguu peku, ufunguo mkononi. Hakuna aliyegeuka.