Farasi Badala ya Malkia

Yaya amekuwa akinishinda sataranji tangu vita. Si dada yangu wa tumbo moja. Ni jirani yetu wa mtaa wa Mikelenge, hapa Kindu, ananizidi miaka kumi, nami humwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa heshima, ingawa mbele ya ubao heshima hupungua. Yeye ndiye aliyenifundisha, enzi zile treni haziji, chumvi haipatikani, na mumewe mwalimu amekwama Punia bila habari. Kila siku nikishatwanga sombe, yale majani ya muhogo, nilikwenda kwake, nikapigwa ubaoni, nikarudi nyumbani nimenuna. Kesho yake nilikwenda tena. Nilitaka kumshinda mara moja tu, basi!

Mwaka huu wanawake wa Kindu tumefanya mashindano yetu. Tulikuwa sita, na mchezo wa mwisho ukanikutanisha na nani? Na yeye. Sare ingemtosha kuchukua kombe. Mimi ilinilazimu kushinda.

Siku hiyo nilicheza, nawaambia! Yaya alianza kujikuna kichwa juu ya kitambaa. Askari wangu mmoja, kete ndogo kabisa, alipenya mpaka mstari wa mwisho upande wake. Askari akifika pale hupandishwa cheo. Lakini yaya alinifundisha sharti: malkia wako akiwa bado hai, askari hawezi kuwa malkia wa pili, anapewa farasi. Malkia wangu alikuwa hai, mzima kabisa. Basi nikamtoa askari, nikaweka farasi, kwa madaha. Mwamuzi akanitazama kama mtu aliyeona nimemwaga mchuzi wa harusi. Yaya aliinama, akawa anaangalia viatu vyake. Farasi wangu akazunguka huku na huku, akaliwa, tukamaliza sare.

Tulipokwisha kupeana mikono, mwamuzi hakuweza kujizuia.

"Mama, mbona hukukamata malkia wa pili? Ungelikuwa nao wawili, mchezo ungeliisha palepale."

"Malkia wawili? Haikatazwi?"

"Haikatazwi hata kidogo."

Masikio yaliniwaka moto. Nikamgeukia yaya. Alikuwa amekumbatia kombe, mabega yakitikisika kwa kicheko. Nikamuuliza sharti lile lilitoka wapi.

"Njo mie mwenyewe nilitunga."

"Yaya! Na leo umenyamaza?"

"Leo nilitaka kombe," akasema, na hapo hata mwamuzi akacheka. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Lakini wakati wa vita haikukuwa juu ya kombe. Siku ile askari wako alifika mstari wa mwisho mara ya kwanza, niliona utanishinda. Nikaogopa. Kama ungelinishinda, hungelirudia tena kwangu. Mie ningelibaki na nani mu nyumba ile?"

Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Nikayameza, kwa sababu namjua msichana niliyekuwa: ningeshinda siku ile, kesho yake nisingekwenda.