Ngiri wa Mama

Jumapili iliyopita nilimpeleka mwanangu bustani ya wanyama, hapahapa Johannesburg. Tulipofika kwa ngiri, nilisimama nikamtazama. Alikuwepo mmoja amepiga magoti, anang'oa majani kwa raha zake. Hebu kaa kidogo nikusimulie.

Baba, mtu wa Afrika Kusini, aliishi Tanzania kama mkimbizi wa siasa, akamwoa mama Morogoro. Uhuru ulipopatikana kwao, mwaka tisini na nne, akatuleta hapa, mtaa wa Hillbrow, ghorofa ya saba. Mama hakujua Kizulu wala Kiingereza, na baba alishinda kazini, kwa hiyo wa kuzungumza naye nilikuwa mimi tu. Kila Jumapili alifunga maandazi kwenye kitambaa, akajaza chai ya tangawizi kwenye chupa, tukaenda kumwona ngiri.

Kwao Morogoro ngiri alikuwa adui. Utotoni mama alishinda shambani akipiga debe, kumfukuza asifukue karanga. Lakini pale kwenye uzio alimsalimia kama jirani wa kijijini: "Hujambo, mwizi wetu? Karanga za bibi zimekunenepesha kweli!" Kisha ananifundisha. Ngiri hula amepiga magoti kwa kuwa shingo yake ni fupi, ndiyo maana magoti yana sugu. Akikimbia husimamisha mkia, watoto wamwone kwenye nyasi ndefu. Hachimbi shimo lake mwenyewe, hulala katika lililoachwa na muhanga, yule mnyama mla mchwa, na huingia kinyumenyume ili meno yatazame nje. "Ukiishi nyumba ya watu, lala unatazama mlango," mama alikuwa akisema, kisha anacheka peke yake.

Nikiwa darasa la tatu, shule ilitupeleka hukohuko, na mama akaja kutusindikiza na kanga zake mbili. Mwalimu alipomwona anavyoongea na ngiri, alinitaka nitafsiri ili mama awasimulie watoto. Uso wa mama ulinawiri.

"Waambie wenzio, mwanangu, huyu tumekua naye..."

Nyuma yangu wenzangu walishaanza kucheka, na mmoja akanong'ona, "Kwerekwere," jina lao la kutudharau sisi wageni. Nikamjibu mwalimu kwa Kiingereza kwamba sijui anasema nini mama huyu.

Kiingereza hicho kidogo mama alikielewa. Hakunigombeza. Alinifuta vumbi shavuni, akanipa andazi. Ila wiki hiyohiyo alianza kujifunza Kiingereza kwa jirani, na tangu hapo akawa ananisemesha hicho tu, cha kuungaunga, ili asiniaibishe. Nami nilifurahi, Mungu anisamehe.

Kiswahili cha utotoni kikanipotea; hiki unachokisoma nimekiokota upya ukubwani, kwa wasusi wa Kikongo na wenye maduka wa mtaa wa Fordsburg. Nilichelewa. Mama alifariki akiniaga kwa Kiingereza, na mpaka leo sijui kwa Kiswahili angeniambia nini.